Rangi Haizikwi

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitakutajia kwa sababu kwa sasa limepelekwa matengenezo. Rais aliyepita aliliona refu, wa sasa ameliona halina uzito, na tume iliyoundwa kuliongezea uzito bado inakunywa chai. Mpaka lirudi, tunasema "nchi yetu" tu, na tunaelewana. Wapo wageni wanaosikia habari zetu wakacheka, wakasema mbona mambo haya yanafanana na ya kwao. Nawasihi wasiseme hivyo mbele za watu. Nchi yetu haifanani na nchi yoyote, na kuifananisha ni kosa lenye kifungu chake.

Mimi ni Msaidizi wa Afisa Makofi wa Wilaya. Usicheke, kazi hii inasomewa. Kiongozi akinyamaza katikati ya hotuba, mtu wa kawaida hawezi kujua kama amenyamaza ili ashangiliwe au amenyamaza kwa sababu amesahau. Mimi najua. Nasimama pembeni ya jukwaa mahali ambapo kila mtu ananiona, nainua mikono yote miwili juu ya kichwa, na umati unapiga makofi mpaka niishushe. Watu wa wilaya yangu nimewazoesha barabara. Siku moja pale sokoni niliinua mikono kumzuia mwenye mkokoteni asinigonge, na wauza nyanya wote wakaacha biashara wakapiga makofi. Mkuu wa Wilaya aliposikia alisema huo ndio uzalendo.

Lakini leo sikuja kujisifu. Nimekuja kueleza habari za kiyoyozi cha hospitali yetu, kwa sababu nje kumezagaa uzushi mwingi, na mimi nilikuwepo.

Habari yenyewe inaanzia kwenye shingo ya dada yangu Semeni. Semeni ndiye aliyenilea mama alipofariki, na hata nilipokuwa mtu mzima mwenye cheo aliendelea kuniuliza kila jioni kama nimekula. Basi akaota rovu. Lilianza dogo kama limau, naye akalifanyia mzaha kama alivyofanyia mzaha kila kitu. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe unapiga makofi miaka nenda miaka rudi hujaongezwa hata cheo. Mimi shingo yangu imeshapandishwa daraja."

Rovu halikusikia mzaha. Lilikua mpaka likaanza kubana koo. Semeni akawa analala ameketi, ameegemea ukuta, na akivuta pumzi unasikia sauti ya mlango uliokosa mafuta. Nilimpeleka kwa Daktari Ngwale, mpasuaji pekee wa wilaya, akalibonyezabonyeza, akanivuta pembeni.

"Hili likatwe," alisema. "Tena mapema. Likizidi kubana, hata mimi sitakuwa na la kufanya."

"Basi likate, Daktari."

"Wapi?"

Ndipo nilipokumbuka. Chumba cha upasuaji cha hospitali yetu kilijengwa kwa ramani ya msaada, ramani iliyotoka katika nchi ya theluji. Madirisha yake ni ya kioo kinene na hayafunguki, ili baridi isiingie. Baridi ilitii, haijawahi kuingia mpaka leo. Kilichoingia ni jua, na likiingia halitoki. Mara ya mwisho Daktari alipopasua mtu humo, jasho lake lilichuruzika mpaka likataka kuingia kwenye kidonda, kisha yeye mwenyewe akaanguka kwa joto juu ya mgonjwa, na ilibidi mgonjwa ndiye aite nesi. Toka hapo chumba kikafungwa kusubiri kiyoyozi. Na dada yangu naye akawa anasubiri kiyoyozi.

*

Kwa bahati njema tunayo Wizara ya Hali ya Hewa ya Ndani. Hali ya hewa ya nje ni ya Mungu na haina bajeti, lakini ya ndani ni ya Serikali, na Waziri wake ni mtu makini ambaye hutembea na koti zito hata mwezi wa jua kali ili kuonyesha imani yake katika mipango ya baadaye.

Kiyoyozi kilikuja vipande viwili. Kipande cha nje kilitangulia, kikafungwa ukutani upande wa jikoni, na kikazinduliwa hapohapo chenyewe, maana wakubwa hawapendi kitu kikae bila kuzinduliwa. Kikawekewa jiwe la msingi na uzio. Kilikaa nje peke yake bila mwenzake kwa muda mrefu, hakina kinachofanya, na redio ikatangaza kwamba wilaya yetu imeanza kupoa. Mimi mwenyewe niliinua mikono siku ile.

Hatimaye kikaja kipande cha ndani. Hakikuwa kile kidogo cha plastiki kinachobandikwa juu ya mlango. Kilikuwa kirefu, cha kusimama sakafuni, mwili mzima chuma, kikubwa kama kabati la bibi harusi. Kikasimamishwa chumbani karibu na kitanda cha kupasulia. Kilichobaki ni nyaya tu, na kwa kazi hiyo akaletwa Fundi Makanyaga.

Fundi Makanyaga ni mtu wa maneno mengi na chapati nyingi, na kazi yake huenda kwa mwendo wa chai. Nilikuwa nikipita kila siku kumharakisha, kwa ajili ya Semeni, na yeye alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Siku moja nilimkuta nje, chini ya dirisha, anachimba shimo.

"Bwana Makofi, njoo uone," akaniambia, akanishikisha waya wenye nyaya tatu ndani yake. "Huu wa kahawia ndio wenye moto. Huu wa buluu unaurudisha. Na huu wa kijani na njano ni eathi. Huu haufanyi kazi yoyote."

"Sasa wa nini?"

"Siku mambo yakiharibika. Moto ukipotea njia ukaingia kwenye chuma cha mashine, huu unauchukua unaupeleka ardhini. Usipokuwepo, moto unamsubiri mtu. Atakayegusa ndiye atakayeupeleka." Akapigilia fimbo ya shaba ndani ya shimo, akaufunga waya wa kijani na njano kwenye fimbo, akaanza kufukia.

Hapo ndipo alipopita Ndugu Kilatu.

*

Ndugu Kilatu ni Mkaguzi wa Rangi wa Chama. Chama chetu ni Chama cha Upawa, kwa sababu kinapakulia watu wote, na rangi zake, kama ulivyokwisha kuona katika kofia, kanga, fulana, mageti na punda wa wilaya, ni kijani na njano. Ndugu Kilatu huhakikisha rangi hizo hazidhalilishwi. Aliwahi kumfikisha mahakamani mwanamke aliyeachia ndizi zikaiva nusu.

Alisimama juu ya shimo, akainama, akatazama zile rangi mbili zikipotea chini ya udongo.

"Fundi," alisema polepole, "unafanya nini?"

"Nafukia eathi, mkuu."

"Naona rangi za Chama zinaingia kaburini."

"Hapana, mkuu, huu ni waya tu. Ndivyo unavyotoka kiwandani."

"Kiwanda cha wapi?"

"Cha nje."

Ndugu Kilatu akavua miwani. Nilimwona machozi yakimlenga. "Unaona akili za mabeberu, Bwana Makofi? Wametengeneza waya wenye rangi zetu, wakaandika kwenye maelezo yao kwamba lazima ufukiwe, wakatuletea kama msaada. Kila jengo linalojengwa nchi hii, tunakizika Chama kwa mikono yetu wenyewe, na tunawalipa mafundi."

Mimi sikuwa nimewahi kuiwaza hivyo. Ndiyo maana yeye ni Mkaguzi na mimi ni Msaidizi.

Siku hiyohiyo fimbo ikang'olewa. Waya ukafukuliwa, ukaoshwa kwa sabuni ya kunukia, ukaanikwa kivulini. Nikamuuliza Ndugu Kilatu kama sasa kazi itaendelea, maana dada yangu hapumui vizuri. Akaniwekea mkono begani, akasema jambo hili ni kubwa kuliko pumzi ya mtu mmoja, litakwenda kwenye kikao.

*

Kikao kilikaa ndani ya chumba cha upasuaji chenyewe, ili wajumbe wajionee. Mwenyekiti wa Chama wa Wilaya alikalia kitanda cha kupasulia kwa kuwa ndicho kilichokuwa kirefu kuliko viti vingine. Wote walikuwa wanatota jasho. Fundi Makanyaga alisimama mlangoni na bisibisi yake, na Daktari Ngwale alialikwa kama mtazamaji.

Azimio la kwanza lilipita bila ubishi: rangi haizikwi.

Mwenyekiti akauliza, kama waya wa Chama hauendi ardhini, utafanya kazi gani? Fundi akasema haukuwa na kazi nyingine. Minong'ono ikasikika.

"Na huu wa kahawia," Mwenyekiti akauliza, "una kazi?"

"Huo ndio wenye umeme, mkuu."

"Kahawia ni rangi ya nani?"

Wajumbe wakatazamana. Haikuwa rangi ya mtu yeyote, isipokuwa labda matope.

"Ndugu wajumbe," Mwenyekiti akasema, akasimama juu ya kitanda, "nani aliyeleta umeme nchi hii? Nguzo hizi mnazoziona, hata zile zisizo na waya, nani alizisimamisha? Leo tunaambiwa mbele ya macho yetu kwamba umeme anao Kahawia, huyu asiye na kadi, na sisi tukae tu tungoje mambo yaharibike! Nasema hapana. Kama Kahawia ana umeme, nasi tuwe nao. Tena tuupate palepale anapoupata yeye!"

Akanyamaza. Nikainua mikono.

Fundi akafanya alivyoagizwa. Alisokota waya wa kijani na njano pamoja na wa kahawia pale zinapotoka kwenye bodi ya swichi ukutani, ili zote mbili zibebe moto sawasawa. Kisha akasema sasa ule upande wa pili, upande wa mashine, anaomba aukate ncha, auzungushie utepe wa gundi, auache unaning'inia.

Ndugu Kilatu akainuka, akachungulia nyuma ya lile kabati. Alirudi amebadilika uso. "Mwenyekiti, nyuma humu, kwenye chuma cha mashine, kuna waya mwingine mfupi. Ni wa kijani na njano!"

"Huo umefungwa na kiwanda," Fundi akasema haraka. "Umeshikana na mwili wa mashine."

"Kwa hiyo wanachama wawili wamekutana ugenini," Ndugu Kilatu akasema kwa huzuni, "na wewe unataka wapishane bila kusalimiana. Unaanzisha makundi, Fundi."

"Mkuu, naomba unisikilize. Nikiunganisha hizo mbili, umeme utaingia mwili mzima wa mashine. Mwili mzima!"

"Mwili mzima!" Mwenyekiti akarudia, na uso wake ukang'aa. "Mmesikia wenyewe, tena kutoka kwa mtaalamu. Chama kitaenea mwili mzima!" Akanyamaza, nami nikainua mikono, kwa sababu ilikuwa mahali pake.

Daktari Ngwale alikohoa, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, kitaalamu..." Akakumbushwa kwamba Wiki ya Utaalamu ilishapita na vipeperushi vyake vimeshachanwa. Daktari akakaa. Amekaa wilaya hii miaka mingi, anajua lini mtu anakaa.

Jioni Fundi alinifuata getini, vifaa vyote viko begani. "Bwana Makofi, nimefunga kama walivyotaka, maana na mimi nina watoto. Lakini ile swichi kwenye bodi nimeizima, na mpini wake nimeung'oa, huu hapa mfukoni. Ikikaa hivyo ni kabati tu, hata ukilala juu yake. Ila isije ikawashwa. Ikiwashwa, atakayeigusa tutakula ubwabwa wa msiba wake."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Ukweni," akasema. "Mbali." Sijamwona tena.

*

Baada ya hapo chumba kilitangazwa kuwa kimepoa. Anayeingia alitakiwa avae sweta. Manesi walipita humo kupiga deki wamevaa masweta, jasho linawatiririka mpaka kwenye ndoo, na anayejipepea aliandikiwa barua ya kujieleza. Daktari alimwambia Mkuu wa Wilaya kwamba yeye yuko tayari kupasua hata kwenye joto lilelile, mgonjwa mmoja tu, Semeni, kabla mambo hayajaharibika. Akaambiwa haiwezekani kufanya upasuaji katika chumba ambacho Waziri hajakizindua. Ingekuwa utovu wa adabu.

Nilikwenda kumweleza dada yangu. Nilimkuta ameketi ukutani kwake, kanga mabegani, anasubiri pumzi ije.

"Imewashwa?" akauliza.

"Imefungwa, dada. Nyaya zote ziko mahali pake, na Chama kimeridhika."

"Nimekuuliza imewashwa."

Akanitazama kwa yale macho yake ya tangu utotoni, yale ya kunikuta nimekula sukari. "Mdogo wangu," alisema, na ilimbidi apumzike kati ya maneno, "mimi sitaki rangi. Nataka hewa."

Iliniuma. Lakini nilikuwa na habari njema, na nikaitoa. Waziri mwenyewe anakuja kuzindua. Kwa desturi yetu kiongozi hashiki kitu anachokizindua. Anashikiwa na Mnufaika wa Mfano, raia mmoja anayewekwa mbele ya kamera, anaweka mkono juu ya mradi na kutoa shukrani kwa niaba ya taifa. Na Mnufaika aliyechaguliwa ni yeye, Semeni, kwa sababu rovu lake linaonekana vizuri hata kwa mbali. Daktari naye amenong'ona kwamba mara tu wageni watakapohamia kwenye chakula, chumba kikiwa kimeshazinduliwa na mlango uko wazi, atamlaza na kumpasua hapohapo, wasije wakakifunga tena.

"Kweli?" akasema.

"Kweli, dada."

Hapo alitabasamu, na mimi nikafurahi, maana zilikuwa siku nyingi hajatabasamu. Akaanza kujifunza maneno yake: "Asante Chama, sasa napumua." Aliyajaribu mbele ya kabati lake la nguo, mkono ameuweka kwenye mlango, na kila akifika "napumua" pumzi inamwishia. Tukacheka wote wawili.

"Na hiyo mashine yenu haina madhara?" akaniuliza. "Mimi naogopa vitu vya umeme."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Ni kabati tu."

*

Siku ya uzinduzi hospitali ilipendeza. Wagonjwa wasiopendeza walihamishiwa nyuma ya mochwari. Sakafu ya chumba cha upasuaji ilimwagiwa maji ikasuguliwa hadi ukajiona ndani yake, na wote walioingia waliacha viatu mlangoni, kwa usafi, isipokuwa Waziri na msafara wake. Yale madirisha ya kioo yalitusaidia, maana umati uliosimama uani uliweza kuona ndani kila kitu, na vipaza sauti vilitundikwa nje. Mimi nilipewa meza ya kusimama karibu na mlango, ili wa ndani na wa nje wote wanione.

Jambo moja sikulijua, na sikulijua kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa uani nikiwafundisha wanafunzi na wauguzi namna ya kushangilia. Watu wa msafara wa Waziri walitangulia kukagua. Wakabonyeza kitufe cha mashine, haikuitika. Wakaona swichi haina mpini. Wao hawakumuuliza mtu, maana watu wa makao makuu hawaulizi. Walikuja na jenereta yao kwenye lori, ambayo hutembea na Waziri kila mahali kwa sababu hakuna mahali alipozindua kitu pakawa na umeme. Wakazikata nyaya pale zinapotoka kwenye bodi, wakaziunga na jenereta vilevile walivyozikuta, kahawia na kijani-njano zimesokotwa pamoja, wakafurahi kuona rangi za Chama zimepewa nafasi yake. Jenereta wakaiacha tayari nyuma ya jikoni, iwashwe Waziri akifika mwisho wa hotuba.

Waziri alihutubia akiwa na koti lake zito. "Ndugu wananchi," alisema, "walikuwepo waliosema joto la nchi hii haliwezekani. Walisema ni la asili! Mimi nawauliza, hiyo asili imesajiliwa wapi?" Nikainua mikono. "Leo tunahamisha baridi kutoka kwa waliojilimbikizia, tunaileta kwa mnyonge. Tumeanza na chumba kimoja. Tutakwenda chumba kwa chumba, kisha tutatoka nje, na jua lenyewe litatueleza limefuata utaratibu gani!" Nikainua tena, na makofi yalikuwa mazito, mazuri, ya kusomewa kabisa.

"Na sasa," akasema, "mnyonge mwenyewe ashuhudie."

Semeni akatoka kwenye kiti chake. Alikuwa amevalishwa kanga mpya ya kijani na njano, miguu mitupu, na wanja kidogo. Alinitazama nilipo, akanikonyeza. Nilijisikia fahari.

Hapo nikahisi kitu shingoni kwangu. Kilikuwa kidogo, laini, kigeni kabisa. Kilikuwa baridi. Upepo wa baridi ulikuwa unatoka kwenye lile kabati unavuka chumba, unapuliza masweta ya manesi, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali ile ijengwe mtu angeweza kupumua humo. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikawaza, imewaka, dada yangu atapona.

Kisha nikasikia jenereta ikinguruma upande wa jikoni, na nikakumbuka getini, na Fundi, na mpini mfukoni mwake.

Semeni alikuwa amebakiza hatua chache, mkono ameshaunyoosha. Nikarukaruka juu ya meza yangu, nikainua mikono yote miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Dada, usiguse!"

Na wilaya yangu ikaona mikono yangu juu, ikapiga makofi.

Ilipiga ndani na nje, kama nilivyoifundisha. Sauti yangu sikuisikia hata mimi. Yeye aliniona, akadhani namtia moyo, akatabasamu, akaweka kiganja chake juu ya chuma. Nikaishusha mikono. Makofi yakakatika mara moja, yote, na katika ukimya ule sote tukamwona Semeni amesimama ameshikana na mashine, anatetemeka kuanzia vidoleni mpaka kichwani, mdomo wazi, na yale maneno hayatoki.

"Mnaona!" Waziri akasema kwenye kipaza sauti. "Mnaona furaha ya mwananchi!"

Watu wakapiga makofi tena. Kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya yetu, walipiga bila mimi. Nilirukia kule aliko, walinzi wakanidaka, wakaniambia niheshimu hafla. Daktari Ngwale ndiye aliyekimbia jikoni peku kwenda kuzima jenereta. Alipoizima, makofi yalikuwa bado yanaendelea.

*

Uchunguzi ulifanyika, watu wasije wakasema haukufanyika. Taarifa inasema marehemu alizidiwa na furaha, kiwango ambacho mwili uliodhoofika hauwezi kukibeba, na inapendekeza siku za usoni Wanufaika wa Mfano wapewe furaha kidogo kidogo. Mashine ilionekana haina kosa. Nyaya zake zilikaguliwa na Ndugu Kilatu, rangi kwa rangi, na zote zikakutwa ni aminifu. Chumba kimefungwa kwa heshima, kwa kuwa sasa ni mahali pa kihistoria. Daktari Ngwale amehamishiwa kisiwa kimoja kusimamia chanjo ya mbuzi.

Chama kilibeba mazishi yote, na sisi familia tulielezwa kwamba huo ni upendeleo mkubwa. Jeneza la dada yangu lilifunikwa bendera ya Chama, kijani na njano, yenye upawa katikati, na lilipita mtaani watu wakivua kofia zao, ambazo nazo ni kijani na njano. Wauza nyanya walikuja. Wanafunzi niliowafundisha uani walikuja kwa safu.

Tulipofika kaburini na jeneza likawekwa ukingoni, Ndugu Kilatu akasogea mbele, akainua mkono kuwazuia wachimbaji. Akaivuta bendera taratibu. Akaikung'uta chembe mbili tatu za udongo zilizoirukia, akaikunja pembe kwa pembe, akaipakata kifuani kama mtoto. Alikuwa analia kweli, sitamsingizia. Akaniangalia, akasema kwa upole, "Unajua mwenyewe, ndugu yangu. Rangi haizikwi."

"Najua," nikasema.

Wakamshusha Semeni katika sanda yake nyeupe. Nyeupe si rangi ya mtu, hapakuwa na pingamizi. Nilitia udongo wa kwanza, kisha wakafukia wengine, haraka, kwa sababu jua lilikuwa kali na msafara ulikuwa unasubiriwa kwingine. Nilitaka kumwambia Mungu jambo moja tu kuhusu dada yangu, kwamba alikuwa akiniuliza kila jioni kama nimekula. Nikasogea penye kichwa cha kaburi, nikafumba macho, nikainua mikono kuomba dua.

Nyuma yangu watu wakapiga makofi.

Walipiga mpaka nilipoishusha.